Kasongo: Kwenye rumba ya watu wawili, tabia ya mutu haijifichi

Kila mukaaji wa Kasongo anaijua saa hiyo. Ni siku ya posho usiku, mashine ya umeme inanguruma nyuma ya sale, watu wamekwisha kula, na watoto wenye walipaswa kuwa wamelala wanachungulia kwenye madirisha. Mwenye kushika mikro anaomba viti visogezwe. Anaita bwana-arusi na bibi-arusi wafungue dansi. DJ anaweka rumba ya zamani, ya polepole. Kwa dakika tatu ao ine, familia mbili zinaacha kila kitu na kufanya kazi moja tu: kuangalia.

Wanaangalia mukono wa kijana, kama umeshika mugongo wa bibi yake ao unaugusa tu sawa mutu mwenye anagusa sufuria ya moto. Wanaangalia macho yake, kama yako juu ya muke ao juu ya viatu. Bibi-arusi yeye haangaliwi sana kwenye uso, maana desturi yetu inamuomba asichekecheke siku anaacha nyumba ya wazazi. Anaangaliwa kwenye kiuno na kwenye miguu. Na mbele wimbo uishe, hukumu zimekwisha kutoka kwenye meza ya ma-shangazi. Huyu kijana ni baridi, hana mapenzi. Ao: huyu binti anajua sana, alijifunzia wapi?

Hukumu hizo watu wanazichekea, lakini zinaingia pamoja na wale wawili ndani ya nyumba yao. Kijana anakaa miaka akijua kwamba familia ya muke inamuita baridi. Binti anakaa akijua kwamba mama mukwe alihesabu mizunguko ya kiuno chake. Ninasema hivyo kwa sababu mimi pia nilihukumiwa, na nitarudi kwenye hadisi hiyo chini. Kwanza tuulize kama ni kweli dansi inaonyesha tabia ya mutu. Jibu ni ndiyo, inaionyesha. Kosa letu liko kwenye kuisoma.

Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, katika inchi ya Finlande, wakiongozwa na Geoff Luck, walitangaza utafiti juu ya jambo hilo hilo. Walipima kwanza tabia za watu zaidi ya 900, kisha wakachagua 60 wenye tabia zao zilikuwa wazi zaidi: huyu mutu wa watu kabisa, yule mutu wa kimya kabisa, mwingine wa wasiwasi mwingi. Waliwabandika alama ndogo kwenye mwili, wakawazungushia kamera, wakawapigia muziki wa aina sita, rock, techno, latin, jazz, funk na pop, na kuwaambia wajitikise namna wanapenda. Kamera zilifuata kila alama, na mashine ikahesabu mwendo wa kichwa, wa mikono, wa kiuno na wa miguu.

Wataalamu wa tabia wanapenda kupima mambo matano. Kuna kupenda kuwa kati ya watu. Kuna upole wa kupatana na wengine. Kuna uangalifu, ile tabia ya mutu mwenye kufanya mambo kwa utaratibu na kutimiza neno lake. Kuna wasiwasi. Na kuna moyo wa kupokea mambo mapya. Kwa Finlande walikuta kwamba mutu wa watu anatumia mwili muzima: kichwa, mikono na kifua vinaenda mbio na kwa nguvu. Mutu wa wasiwasi anakatakata, mikono na miguu inaruka kidogo kidogo bila kuteleza. Mupole anateleza, mikono inaenda huku na huku sawa mutu mwenye anapepea mutoto. Mwangalifu anatembeza mikono mbali na anazunguka uwanja. Mwenye moyo wa mambo mapya anapanda na kushuka na mudundo, bila fujo kubwa.

Musomaji wa Kasongo hana lazima ya kamera kusudi aamini sehemu ya kwanza. Ambianseri wetu tunamujua. Anafika mbele muziki uanze, anasalimia kila meza, na wakati wimbo unaanza yuko tayari katikati, jasho limeanza, leso mukononi. Ni yeye njo watu wanasema anajua kucheza. Na hapa njo mahali ninaanza kukataa.

Kwa sababu kulikuwa utafiti mwingine, wa mwaka wa 2016, wa watu wa chuo kile kile. Emily Carlson na wenzake walichukua nyimbo sita na kubadilisha mwendo wake kidogo tu: mara ya haraka zaidi, mara ya polepole zaidi, bila kugusa kitu kingine. Watu 30 walizicheza. Walitaka kujua nani mwili wake unasikia tofauti hiyo ndogo. Wenye waliisikia zaidi walikuwa watu waangalifu, na tena watu wenye hawapendi sana kujionyesha. Ambianseri, na mbio yake yote, mwili wake ulibadilika kidogo kuliko wao. Wakati watafiti walitenganisha mambo hayo mawili, uangalifu njo ulibaki na nguvu.

Muchukue neno hilo na kulileta kwenye rumba yetu, na mambo yanageuka.

Lakini tuwe wa haki. Wale watu 60 wa kwanza walicheza kila mumoja peke yake, tena kwa Finlande, mahali hakuna shangazi mwenye anaangalia. Na vile vipimo vitano vya tabia havisimami sawasawa kila mahali. Mwaka wa 2013, watafiti wenye walikuwa wakifanya kazi kati ya Watsimane, wakulima na wawindaji wa inchi ya Bolivia, walitangaza kwamba walipima watu zaidi ya 600 na ile orodha ya tano haikuonekana vile inaonekana Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mutu asikate tabia za watu wa Maniema kwa kisu cha watu wengine. Hata Carl Jung, muganga wa Uswisi mwenye kitabu chake cha 1921 njo kilieneza maneno ya mutu wa inje na mutu wa ndani, alipata kukaa kwenye mulima Elgon, kati ya Kenya na Uganda, mwaka wa 1925, na mazungumuzo yake na wakaaji yalipitia kwenye Kiswahili. Ningependa kujua wazee wa kule walimuweka yeye upande gani.

Wenzetu wa pwani ya mashariki wanatofautisha ngoma na dansi, na tofauti hiyo inasaidia hapa. Kwenye ngoma watu wanacheza wengi, katika duara ao katika mustari. Mwenye haya anaingia nyuma ya wengine, anapiga makofi, anafuata, na hakuna mwenye anamuona. Dansi ilikuja na watu wawili wenye kushikana. Dar es Salaam ilikuwa na orkestre yake ya kwanza kubwa, Dar es Salaam Jazz Band, tangu 1932, na mpaka leo kule muziki wa gitare na wa kucheza wawili unaitwa muziki wa dansi. Mwana wa Kindu, Remmy Ongala, alivuka na kufika kule mwaka wa 1978, na akakuwa mumoja wa wakubwa wa muziki huo mpaka kufa kwake mwaka wa 2010. Kwenye dansi hauna nyuma ya mutu ya kujificha. Mbele yako kuna uso mumoja, na mukono wako uko ndani ya mukono wake. Wasiwasi wako anausikia kwenye kiganja chake mbele wewe mwenyewe uujue.

Rumba ya Kongo njo dansi ya namna hiyo. Wakati UNESCO iliiandika katika orodha yake ya urisi wa wanadamu, tarehe 14 Desemba 2021, kwa ombi la Kongo mbili pamoja, ilieleza kwamba kwa kawaida inachezwa na mwanaume na mwanamuke, na kwamba jina lake linatoka kwenye nkumba, neno la Kikongo lenye kumaanisha kiuno. Ilisema tena kwamba rumba ni ya furaha na ni ya matanga. Sisi tulijua hayo bila kuandikiwa, lakini ni muzuri kuandikiwa.

Sasa muangalie ginsi wimbo wa rumba umejengwa. Sehemu ya kwanza ni ya maneno. Mwimbaji anaeleza shida yake ya mapenzi, gitare zinamujibu kwa upole, bas inatembea chini. Hapo watu wawili wanashikana na kucheza karibu mahali pamoja. Hatua ni ndogo, uzito unatoka muguu huu na kuenda ule, kiuno kinafuata. Hakuna ufundi wa kuonyesha mbali. Mutu mwenye amekaa kwenye meza ya mwisho anaona watu wawili wenye hawafanyi kitu. Kazi yote inafanyika ndani, kwenye mukono wa mugongo, kwenye bega, kwenye pumuzi.

Kisha inakuja sebene. Gitare ya solo inapanda, inarudilia kifungu kifupi mara na mara, ngoma zinaongeza moto. Na mbele ya sebene kuna alama ndogo: mupiga ngoma anabadilisha mukono, ao bas inasimama nusu ya pumuzi. Kwenye alama hiyo watu wawili wanapaswa kukata shauri pamoja, bila kusema: tunaachana na kila mutu acheze kivyake, ao tunabaki tumeshikana na kuongeza tu mwendo?

Alama hiyo njo mutihani wenyewe. Ambianseri anasikia sebene wakati imekwisha kuingia. Anaruka, anaachilia mukono, na mwenzake anabaki amenyoosha vidole kwenye hewa sawa mutu mwenye aliachwa kwenye kituo cha moto-taksi. Mutu wa wasiwasi anasikia alama lakini anakaza, anafinya mukono wa mwenzake, anapoteza hatua. Mwangalifu, yule wa kimya mwenye walimuita baridi, ameisikia mapema. Mukono wake unasema neno moja kwenye mugongo wa mwenzake, na wote wawili wanaingia pamoja. Kutoka kwenye meza ya ma-shangazi jambo hilo halionekani. Mwenye anashikwa njo analijua.

Watu wananiuliza kama ni vizuri wenye kufanana wacheze pamoja ao wenye kupingana. Kwa maoni yangu hakuna sheria. Ma-ambianseri wawili wakikutana, feti yote inasimama kuwaangalia, na ni furaha, lakini muangalie viwiko: kila mumoja anavuta upande wake. Wakimya wawili wanaweza kuwa wazuri kuliko wote, ao wanaweza kubaki kwenye kona moja wakingojeana mpaka wimbo uishe, kwa sababu hakuna mwenye anathubutu kuanza. Mwangalifu na mwenye kupenda mambo mapya, huyu anahesabu hatua na yule anaongeza muzunguko wenye haukuwa kwenye mupango. Wakichekeana inakuwa muzuri, wakikasirikiana wanarudi kwenye viti mbele ya sebene. Jambo lenye ninaliona kila mara ni kwamba inaomba angalau mumoja kati yao awe anasikiliza. Wakiwa wote wawili wanasema kwa mwili na hakuna mwenye anasikia, hiyo si rumba ya wawili tena.

Desturi inasema mwanaume njo anaongoza. Kwa macho ya watu, ni kweli. Lakini wamama wa muda murefu kwenye ndoa wanajua kitu kingine. Bwana akiwa na haya, mama anaweka kidole gumba kwenye bega lake na kukandamiza kidogo upande wenye anataka waende. Bwana anageuka, watu wanasema anaongoza vizuri, na mama anaangalia chini kwa heshima yote.

Kwa nini basi tulifika kumusifu paka mwenye fujo? Sehemu moja ya jibu iko katika historia ya muziki wenyewe. Wakati African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka wa 1953 na OK Jazz ya Franco mwaka wa 1956, muziki wa kuchezewa katika sale ulikuwa ule wa kushikana: rumba, bolero, cha-cha. Sehemu ya maneno ilikuwa ndefu na watu walikuja kwa ajili yake. Mwezi wa Desemba 1969, kwa Kinshasa, kulizaliwa Zaïko Langa Langa. Vijana wale waliacha vyombo vya kupuliza, wakaweka gitare na ngoma mbele, na sebene ikakuwa njo moyo wa wimbo. Kisha, katika miaka ya 1980, akaingia atalaku, mwenye kazi yake ni kupaza sauti na kuwasha watu. Kila kipindi kikaleta dansi yake, cavacha, kwasa kwasa, mpaka ndombolo ya mwisho wa miaka ya 1990. Katika dansi hizo watu wanasimama kwenye mustari wote wakiangalia mbele, kila mutu na kiuno chake. Leo mbele kuna simu yenye inapiga video.

Sisemi ni mubaya. Sebene iliwapa uhuru watu wenye hawana mwenzake: mujane, kijana bila mupenzi, mama mwenye bwana yake hataki kuinuka. Lakini uwanja ulihamia upande wa ambianseri. Mukimya alikuwa na dakika zake tano za sehemu ya maneno, na DJ wa leo anazikata. Anaruka moja kwa moja kwenye sebene. Kwenye feti zingine, rumba ya kushikana inabaki moja tu usiku muzima, ile ya kufungua dansi, na hiyo njo wanamupatia kijana mwenye haya mbele ya watu wote, bila kumupa nyingine ya kujirekebishia.

Kuna jambo lingine lenye nisingependa kulipita, hata kama linaharibu furaha ya makala. Tabia ile ile haihukumiwi sawa kwa mwanaume na kwa mwanamuke. Kijana mwenye kujionyesha anaitwa fundi. Musichana mwenye kujionyesha anaitwa majina yenye siwezi kuandika hapa. Na musichana wa kimya, kimya yake inachukuliwa kuwa ruhusa. Munajua ninasema nini: mwanaume mukubwa, ameisha kunywa, anamuomba binti wa watu rumba moja, familia inamusukuma binti kwa heshima ya mugeni, na katikati ya uwanja anamukaza zaidi ya inavyofaa. Binti hasemi kitu, maana hana tabia ya kusema. Lakini mwili wake unasema. Kiwiko kimeingia kati yao, bega limekuwa ngumu, kichwa kimegeukia mulango. Mutu mwenye hasikii kiwiko hicho hajui kucheza, hata kama anajua hatua zote za Kinshasa. Na wenye kukaa kwenye meza, wenye macho yao ni makali juu ya kiuno cha bibi-arusi, wangeweza kuyatumia hapo pia.

Nikumbushe tena kwamba si kila nyumba ya Kasongo inapita kwenye mutihani huu. Uislamu uko hapa tangu wakati Tippu Tip aliweka makao yake katika miaka ya 1870, na kwa Kasongo na Kabambare kuna familia nyingi za Waislamu wenye arusi zao hazina dansi ya wawili. Wanawake wanacheza kati yao ndani ya lupango, wanaume wako kwao. Kule mwenye haya anaweza kupiga makofi nyuma ya dada zake, na bwana-arusi hakuna mwenye anapima mapenzi yake kwa miguu. Rafiki yangu wa huko alinionea huruma sana siku nilimueleza mambo yangu.

Mambo yangu ni haya. Mimi ni mutu wa kimya. Bibi yangu ni mutu wa watu. Akienda kununua chumvi anarudi na habari za kartie tatu. Siku ya arusi yetu nilihesabu hatua kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, na kwenye ine nikakanyaga roba yake. Watu walicheka bila ubaya. Lakini shangazi yake mumoja alisema lile neno, baridi, na alilisema kwa sauti yenye ilifika.

Kuanzia hapo nilikataa. Kwenye kila feti nilikaa kwenye meza na kusema muguu unaniuma. Bibi yangu naye hakucheza na wanaume wengine, maana maneno ya watu tunayajua, na mimi niliwaza kwamba hiyo ni heshima na kwamba mambo iko sawa. Miaka ilipita hivyo. Kisha nikaona ameanza kubaki nyumbani. Mualiko unafika, anasema kazi ni nyingi, anasema mutoto ana homa. Mutu wa watu, amekaa ndani ya nyumba siku ya posho usiku, juu ya roba yenye mimi niliikanyaga. Nilichelewa kuelewa. Watu wa kimya tunasikia mambo mengi, lakini si yote.

Usiku mumoja alikuwa anatwanga sombe, na radio ya pile ilikuwa juu ya dirisha. Ikapita rumba moja ya zamani. Akaweka muchi chini, akapangusa mikono, akasema: «Papa watoto, hapa hakuna shangazi.» Tulicheza kati ya kinu na mulango. Hapo njo nilijua kitu chenye hakuna mutu alinifundisha: mimi ninasikia bas. Ninaisikia vizuri sana. Yeye anasikia mwimbaji, anaimba naye, anasahau miguu, na sebene inamushitukiza kila mara. Nilimukandamiza kidogo kwenye mugongo mbele tu iingie. Akaniangalia. Wimbo wa pili nikafanya tena. Akauliza: «Unajuaje?» Nikamuambia ni mupiga ngoma njo anasema, mimi ninapeleka tu habari. Sombe iliungua pembeni kidogo siku ile, ile yenye ilikuwa imekwisha kupanda kwenye moto, na watoto walilalamika.

Sasa tunaenda kwenye feti. Nimeacha kuhesabu. Sehemu ya maneno ni yangu: ninamushika, tunabaki kwenye kona mbali na taa, hatua ndogo ndogo, hakuna mwenye anatupiga video. Wakati alama inakuja ninamupa neno lake kwenye mugongo na ninamuachilia, naye anaingia kwenye mustari wa wamama sawa samaki mwenye amerudishwa kwenye muto. Mimi ninarudi kwenye meza. Mukoba wake ninaushika mimi. Shangazi yule alipita siku moja na kuniuliza kama muguu bado unaniuma, nikamuambia hapana, shangazi, leo ninalinda simu mbili na funguo za nyumba.